Inama, Wazee Wanakutazama

Mahabusu, chumba namba tisa
28 Septemba 2024

Kwa mama yangu,

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje, na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi ni mzima wa kuweza kushika kalamu. Mbavu mbili zinauma, mdomo umevimba na jicho la kushoto linaona nusunusu. Hayo si ya ajali, nimeyapata humu ndani.

Tuko sita. Mgeni akiingia lazima aulizwe, ndio desturi ya humu. "We umeleta nini?" Nikasema nimegonga mtu, amekufa. "Ulikuwa umelewa?" Hapana. "Ulisinzia?" Hapana. "Sasa?" Nikasema nilikuwa kwenye simu. Kuna mmoja anaitwa Bang, dereva wa lori, mtu wa mji wa Daegu, ana shingo kama gogo. Alisimama akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akachukua sinia la chakula akanipiga nalo usoni, na mbavuni, na usoni tena, mpaka sinia likapinda. Kila pigo na neno lake. "Mke wangu alivuka taa ikiwa kijani! Kijani, mbwa wewe! Na yule naye alikuwa kwenye simu!" Askari walikuja taratibu kama watu wanaokwenda kuchota maji.

Simlaumu Bang, na wala sikuandikii kwa sababu ya kipigo. Nakuandikia kwa sababu mpelelezi amenisomea maelezo yako. Umesema tulikata simu dakika kumi kabla ya ajali. Halafu akanisomea ya baba mdogo Chunbaek, kwamba Danbi alikuwa anatembea katikati ya barabara, macho kwenye simu yake. Mama, nani alimwona? Ninyi nyote mlikuwa sebuleni, mmejipanga mbele ya meza ya tambiko. Kwenye ile barabara tulikuwa wawili tu, mimi na yule mtoto wa jirani. Baiskeli nimemfundisha mimi, mbele ya lango letu. Amekufa ana miaka kumi na tisa, na sasa anaitwa mzembe.

Mimi pia nimesema uongo. Wakili wa baba mdogo alinifundisha niseme sikumbuki, nikasema sikumbuki. Nakumbuka kila kitu.

Simu yangu iko wapi? Wanasema haikukutwa kwenye gari. Na je, umekwenda kumpa pole Baba Danbi?

Mwanao,
Juntaek


Neutgol, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Juntaek,

Marahaba. Goti ni lilelile, kikohozi kimepoa. Huyo Bang mwambie mama yako akimkamata atamtafuna masikio, na meno yangu ya bandia ni mapya. Nimekutumia nguo nzito za ndani. Vaa, usijifanye kijana.

Unaniuliza kama nimekwenda kwa Baba Danbi. Sikwenda. Amekuja mwenyewe. Jumanne asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba naanika pilipili, nikasikia lango linavunjwa. Ham huyo, ana mundu mkononi, hajanyoa tangu mazishi. "Toka, Mama Juntaek! Toka uniambie macho ya binti yangu yalikuwa wapi!" Nikatoka. Hakunigusa. Aliingia kwenye mitungi yangu. Unaijua mitungi yangu, na ule mkubwa kuliko yote ni wa bibi yake baba yako. Amevunja kumi na mmoja. Mchuzi wa soya wa miaka saba ukamwagika uani, mweusi, ukashuka mpaka kwenye ngazi, naye amesimama ndani yake anazidi kupiga. Baba yako mdogo akatoka mbio na jembe, akamtandika bapa la jembe mgongoni. Ham akaanguka, akainuka, akamrukia. Wamegaragazana pale kwenye mchuzi wakipigana ngumi za uso, wanaume wazima wenye mvi, Chunbaek kang'oka jino. Niliwatenganisha kwa ndoo ya maji ya kuoshea kabichi, kama unavyowamwagia mbwa.

Ham akabaki amekaa chini, analowa. Akasema, "Danbi hakuwa na simu. Simu yake ninayo mimi, aliiacha kwenye chaja. Bado inalia. Wenzake wa chuo wengine hawajajua." Mimi nikachukua ndoo yangu nikaingia ndani. Ungetaka niseme nini?

Sasa nisikilize. Simu yako usiiulize tena, wala usiiandike kwenye karatasi. Tulikata simu dakika kumi kabla. Na hata kama hatukukata, mimi nilidhani umeegesha gari. Nilidhani umesimama pembeni kama mtu mwenye akili. Nikikuambia nilidhani, ndivyo nilivyodhani.

Danbi ameshakufa, Juntaek. Nililia mpaka sauti ikakauka, usidhani moyo wangu ni jiwe. Lakini yeye akisingiziwa hasikii. Wewe unasikia. Wewe una baridi, una njaa, unapigwa na sinia. Wakili anasema ukitulia utatoka baada ya miaka miwili, ukibwabwaja ni mitano au zaidi. Nina miaka sabini na nne. Mimi ni mjane wa nyumba kuu ya ukoo huu na wewe ndiye mtoto wangu pekee. Nani atammiminia baba yako kikombe cha kwanza cha tambiko? Chunbaek? Mkono wake unatetemeka hata kabla hajanywa.

Kula. Tulia. Funga mdomo.

Mama yako


Mahabusu
20 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nguo zimefika, ahsante, zimenikaa vizuri. Bang amehamishwa chumba kingine. Natumaini umepata mtu wa kukusaidia kusafisha ule uwanja, maana kwa goti lako hutaweza kuinama.

Naomba uisome barua hii mpaka mwisho. Ulikuwa upande mmoja wa simu, mimi nilikuwa upande wa pili. Hujui yote.

Nilitoka Seoul jana yake jioni. Nilikaa saa kumi na nne kwenye foleni ya Chuseok, sikukuu ya mavuno. Mke wangu alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo nilikuwa peke yangu na macho yamejaa mchanga. Nilipotoka barabara kuu ilikuwa karibu saa tatu asubuhi, zimebaki kilomita nne. Ukapiga simu ya picha. Nikaipokea ikiwa kwenye kishikizo chake pale kwenye dashibodi. Nilimsikia baba mdogo nyuma yako, "Tuanze, wazee hawangoji mtu wa foleni!" Na wewe ukasema hapana, kikombe cha kwanza ni cha mtoto mkuu, hata kama yumo ndani ya simu. Ukaisimamisha simu ikatazama meza. Nikaona picha ya baba, nikaona peasi, nikaona moshi wa ubani. Baba mdogo akamimina kwa niaba yangu. Kisha ukasogeza uso wako ukaniambia, "Inama, Juntaek. Inama, wazee wanakutazama."

Nikainama. Mara mbili, kama ada inavyotaka. Mara ya kwanza nilipoinua kichwa barabara ilikuwa tupu. Mara ya pili nilikaa chini kidogo zaidi, kwa sababu ilikuwa ya baba, na paji la uso wangu liligusa usukani. Nilihesabu moyoni moja, mbili, tatu. Gari lilikuwa linakwenda kilomita sabini kwa saa.

Sikumwona. Nilimsikia. Kwanza chuma, halafu kioo cha mbele kikaingia ndani, vipande vikanijaa mdomoni. Kuna kitu kilipita juu ya paa kikidunda. Gari likaingia kwenye shamba la mpunga likasimama. Nikatoka kwa kutambaa. Danbi alikuwa amelala pembeni mwa barabara, mguu mmoja umegeuka, kisigino kimekaa pale panapokaa vidole. Mfupa wa paja ulikuwa umetoboa suruali. Damu ilikuwa inatoka sikioni, na kila akivuta pumzi kifua kilikuwa kinachemka kama sufuria. Keki za mchele zilikuwa zimetapakaa barabarani, nyingine zimenata kwenye boneti. Alikuwa na sinia, mama, si simu. Sinia limefunikwa kitambaa, na alikuwa anakuja kwetu. Baba yake alimtuma atuletee keki za sikukuu.

Alinijua. Alisema, "Kaka, sinia limevunjika?" Nikamwambia halijavunjika. Nilishika kichwa chake, na nyuma ya kichwa palikuwa laini.

Na simu yangu ilikuwa chini ya kiti, inaongea. Nilikusikia, mama. Ulikuwa unauliza, "Juntaek? Umeinama?" Halafu nikasikia baba mdogo, "Kata! Kata hiyo simu!" Ikawa kimya. Nilipiga kelele mpaka koo likatoa damu. Simu nilishindwa kuiacha kwa kilomita nne tu, na yule mtoto alipoihitaji sikukumbuka hata kuichukua. Nilikaa pale nimemshika. Baba mdogo alifika kwa miguu. Hakumtazama Danbi. Alipita, akaingiza mkono ndani ya gari, akatoka na kitu akakitia mfukoni.

Mpelelezi amenisomea muda. Nimegonga saa tatu na dakika mbili. Gari la wagonjwa limeitwa saa tatu na dakika kumi na sita. Danbi aliishi muda huo wote. Mlikuwa mnajadili nini dakika kumi na nne?

Nenda kaseme, mama. Usiende kwa ajili yangu. Nenda kwa sababu Ham anaambiwa sokoni kwamba binti yake alijiua kwa simu.

Mwanao,
Juntaek


Neutgol, 3 Novemba 2024

Juntaek,

Mimi ni mzima. Barua yako nimeichoma kwenye jiko, na bahasha nimechoma pia. Usiniandikie tena mambo ya namna ile, askari wanasoma.

Habari za huku si njema. Ham alikuwa mnadani na matufaha yake. Mtu mmoja akasema vijana wa siku hizi wanatembea na simu kama vipofu, ndio maana wanagongwa. Sijui hata kama alikuwa anamsema Danbi. Ham alimpiga kwa kreti la mbao kichwani, akamkalia, akampiga tena. Iliwachukua watu wanne kumtoa. Yule mtu ameshonwa nyuzi ishirini, na Ham alilala polisi siku mbili.

Hayo yangetokea hata ningesema. Mtu aliyefiwa hupigana. Mimi nilidhani umeegesha.

Usinifundishe uchungu wa mtoto. Nilikuzaa siku mbili, ukiwa umetanguliza miguu.

Mama yako


Mahabusu
25 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, mkono wa kulia umefungwa plasta. Nakuombea afya.

Nimesema. Nilimwita mwendesha mashtaka nikamweleza yote, tangu kikombe mpaka mfuko wa baba mdogo. Aliandika kurasa sita. Wiki iliyofuata akarudi akaniambia wakili wangu ameleta barua kwamba nimechanganyikiwa, kwamba majuto yamenitia wazimu na ninajitungia makosa. Watu wanane wa ukoo wameweka sahihi kwamba simu ilikatwa mapema. Jina lako ni la kwanza.

Baba mdogo alikuja kunitembelea. Alikaa upande wa pili wa kioo, jino limetoka, anatabasamu. Akaniambia, "Tulia, kijana. Mama yako ameshaamua." Nikakipiga kile kioo ngumi. Hakikuvunjika, kilivunjika kidole changu, nikapiga tena na kilekile kidole. Askari walinilaza sakafuni, mmoja akaweka goti shingoni. Nilikuwa namtukana matusi ambayo sikujua kama nayajua. Nikitoka leo nitamuua, mama, nasema wazi, nitamuua kwa mikono hii. Ndivyo uongo wenu ulivyonifanya. Nilikuwa nimeua mtu mmoja bila kukusudia, sasa nina mwingine wa kukusudia kila siku asubuhi nikiamka.

Mwendesha mashtaka anasema tuliongea kwa intaneti, kampuni ya simu haina rekodi, na bila ile simu, na bila wewe, hana kitu. Kesi itasikilizwa baada ya mwaka mpya.

Kama hutasema, usiniandikie. Barua zako nitazirudisha bila kuzifungua. Sitakuwa mtoto mkuu wa nyumba ile, sitammiminia mtu kikombe. Mtafute mwingine.

Nakupenda na ninakuchukia, yote kwa pamoja. Nilitaka nikuambie hivyo moja kwa moja.

Juntaek


Neutgol, 9 Februari 2025

Mwanangu Juntaek,

Najua ulisema utazirudisha bila kuzifungua. Fungua hii moja. Mwandiko ukikushangaza, naandika kwa mkono wa kushoto, tumefanana sasa. Goti limesahaulika kwa maumivu mengine. Je, kidole chako kimeunga? Kinyooshe polepole kila asubuhi, usikiache kikakaa kombo.

Mwaka mpya wa kalenda ya mwezi walikuja wote hapa, kama kawaida. Nilipika siku tatu, hakuna aliyenisaidia. Tukapanga meza, tukawasha ubani. Saa tatu ikafika. Chunbaek akasema tuanze, halafu simu yake ikalia. Ni Sangho, mtoto wake, yuko kwenye foleni, hawezi kuwahi. Chunbaek akacheka. Akachukua ile simu akaisimamisha mezani, imeegemea bakuli la peasi, mbele ya picha ya baba yako. Akasema, "Haya Sangho, inama."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikatazama kwenye kioo cha simu. Nikamwona Sangho anacheka, na mikono yake, na kilichokuwa mikononi mwake.

Niliishika ile meza kwa chini nikaipindua. Mimi, miaka hamsini na moja katika nyumba hii, sijawahi hata kuangusha kijiko mbele ya wazee. Samaki, nyama, pombe, picha ya baba yako, vyote sakafuni. Wanawake wakapiga mayowe. Simu ilikuwa bado inaongea kwenye supu, nikachukua bakuli la shaba nikaiponda mpaka ikanyamaza. Chunbaek akanishika nywele, akanizaba kofi, la pili likanipasua mdomo. "Mchawi wewe! Umewalaani wazee!" Nikamgonga na bakuli kwenye sikio, akaanguka juu ya keki. Nikampiga tena akiwa chini. Nakuambia kweli, nilifurahi. Nilimpiga mpaka wajukuu wakalia, ndipo nikaona aibu nikaacha.

Nikatoka na damu zangu nikaenda kwenye mtungi wa chumvi. Chunbaek alinipa simu yako siku ileile ya ajali, na mimi ndiye niliyeifukia humo. Nikaifukua, nikatembea mpaka kwa Ham.

Alikuwa peke yake, amekaa na sahani mbili. Nikapiga magoti mlangoni nikamweleza. Nikamwambia binti yako hakuwa na simu. Mwanangu ndiye aliyekuwa na simu, na mimi ndiye niliyekuwa ndani yake. Nikamwambia dakika kumi na nne. Chunbaek alisema tungoje kwanza aende akaone, tukangoja, na mimi nilikuwa na simu yangu mkononi. Nilikuwa sijamaliza aliponipiga. Alichukua mti wa kutegemezea matawi ya matufaha akanishushia hapa chini ya bega. Nilisikia mfupa unalia kama ukuni mkavu. Aliinua mara ya pili. Nikamwambia, "Piga, lakini ngoja kwanza nimalize." Nikammalizia nikiwa nimelala pale kwenye theluji. Nikamwambia Danbi aliulizia sinia. Ule mti ukamtoka mkononi. Alilia kwa sauti ambayo ng'ombe wa jirani waliitikia.

Baadaye alinibeba, akaniweka kwenye gari lake, tukaenda polisi.

Askari alipouona mkono wangu akasema, "Mama, nani kakufanya hivi? Twende hospitali kwanza." Nikamwambia mkono utangoja, andika hili kwanza. Nikaweka simu yako mezani, chumvi ikamwagika. Nilizungumza saa mbili na robo. Wameisafisha ile simu na imewaka, wanasema muda wa mazungumzo wote umo. Watakuongezea miaka, mwanangu, na aliyekuongezea ni mimi. Chunbaek ameitwa, nami nitashtakiwa kwa maelezo ya uongo. Ukoo umeniandikia kwamba nisiguse tena meza ile. Sawa. Soko lote limeshajua kwamba Danbi alikuwa na sinia mkononi. Ham hajanisamehe na sijamwomba.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu kwa mkono usioweza. Tulipomaliza, yule askari akaniangalia kwa huruma. Ni kijana, labda ana mama kama mimi. Akasema, "Mama, nikuulize la mwisho. Ulipomwambia ainame, bila shaka ulidhani ameegesha gari?" Kalamu yake ilikuwa tayari. Alishanipa jibu, ilikuwa kazi yangu kuitikia kwa kichwa tu. Ham alikuwa amekaa kando yangu, akaniinulia macho.

Nikasema hapana. Nikasema nilijua anaendesha. Niliuona usukani, niliiona mikono yake, niliona miti inapita dirishani. Niliyaona yote hayo, nikamwambia inama.

Mama yako